Upawa wa Bi Mwanakheri

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, vidonge vilipokwisha kufika hata kwenye miji isiyo na lami, alikuwako mwanamke mmoja katika mji wa Makwaju, jina lake Bi Mwanakheri. Mume wake, Mzee Mwinyihija, alikuwa mchinjaji wa mji. Mzee alikwisha kufa, lakini kisu chake kilibaki darini, na sifa ya nyumba yake ilibaki midomoni mwa watu.

Sifa yenyewe ilikuwa hii. Kila palipokuwa na shughuli Makwaju, iwe maulidi, iwe arusi, iwe hitima, nyama ilisimamiwa na mtu mmoja tu, yule mwenye upawa. Upawa huo ulikuwa wa kifuu cha nazi na mpini wa mpingo. Kifuu kilipopasuka kilibadilishwa, lakini mpini ulikuwa ule ule, umetoka kwa mama mkwe wa mama mkwe wake. Mwenye upawa ndiye aliyesimama penye moto akaangalia mnyama kachinjwa na nani, sufuria imeoshwa na nani, mafuta yametoka wapi. Akiridhika alichota mchuzi, akauonja mbele za watu. Basi. Mgeni angetoka mbali kiasi gani, angekuwa mtu wa dini kali kiasi gani, alinawa mikono akala bila kuuliza neno. Watu wakasema: Chungu cha Makwaju hakiulizwi.

Hakiulizwi, kwa sababu mwenye upawa alikwisha kuuliza yote.

Mwaka mmoja, penye arusi kubwa, Bi Mwanakheri alikwenda kuswali, na aliporudi akakuta kuku wa ziada wameletwa, wamekwisha kutiwa sufuriani, pilau inatokota na harufu imejaa mtaa mzima. Akauliza, "Hawa kachinja nani?" Huyu akamtazama yule, yule akamtazama huyu. Hakuna aliyejua. Bi Mwanakheri hakugomba. Alishika sufuria kwa vitambaa, akaita mtu wa upande wa pili, wakaiinamisha shimoni, pilau yote, na bwana arusi yu mlangoni anatazama. Siku ile watu walikula ndizi za kuchemsha kwa chumvi. Yule bwana arusi mpaka leo huitwa Bwana Ndizi, na wajukuu anao.

Basi mwanamke huyo ndiye aliyeshikwa na tumbo.

Nyumbani kwake walikuwamo wanawake watatu, nanyi washikeni vizuri, maana hadithi ni yao. Mmoja alikuwa Riziki, binti yake wa kumzaa, mwanamke mkimya aliyeachika na kurudi kwa mama yake. Wa pili alikuwa Mwajabu, mke wa mwanawe, mwana mwenyewe alikuwa kazini mbali, lakini Mwajabu alikataa kumfuata, akisema, "Nikienda, nani atamkuna mama mgongo?" Wa tatu alikuwa Bi Mgeni, mke mwenza. Tangu mume wao yu hai wawili hawa waligombania kila kitu, na alipokufa wakabaki wakigombania kumbukumbu yake.

"Mwinyihija alipenda chai ya tangawizi," Bi Mwanakheri angesema.

"Kwako," angejibu Bi Mgeni kutoka ng'ambo ya ua. "Kwangu alipenda ya iliki."

Tumbo lilianza kama moto mdogo chini ya kifua. Kisha likawa moto mkubwa. Bi Mwanakheri akawa hali chakula, na akila hakishuki, hurudi juu. Wakampeleka zahanati kwa Tabibu Chande, kijana mpole, mwenye kuswali, ambaye mji mzima ulimwamini. Tabibu akamwambia ana vidonda vya tumbo, na vidonda vinavuja. Akampa dawa za maji, hazikufaa. Akampa za unga, hazikufaa. Mwisho akatoa kopo la vidonge vile ambavyo watu huviita rangi mbili, dawa ndani, ganda nje.

"Meza nzima, bibi, kwa maji, kabla ya chakula."

Bi Mwanakheri alikiweka kidonge kiganjani, akakigeuza. Nusu chekundu, nusu cha njano, kinang'aa kama kito cha pete. Akauliza swali ambalo alikuwa ameliuliza maisha yake yote.

"Ganda hili limetoka kwa mnyama gani?"

Tabibu Chande angeweza kucheka. Angeweza kusema, dawa ni dawa. Hakufanya hivyo.

"Bibi, maganda haya hutokana na ngozi na mifupa inayochemshwa. Mengine ya ng'ombe, mengine ya nguruwe. La kopo hili sijui. Halikuandikwa."

"Na huyo ng'ombe, kama ni ng'ombe, kachinja nani?"

"Hilo nalo sijui, bibi."

Bi Mwanakheri akamtazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni yeye. "Basi, mwanangu, unanipa kuku wa arusini."

Alilichukua kopo, maana hakutaka kumvunja moyo kijana wa watu, akalifunga kwenye pindo la kanga. Lakini alipofika nyumbani aliliweka dirishani, na hapo likakaa.

Wa kwanza kuchoka kulitazama lile kopo alikuwa Mwajabu.

"Mama," alisema, "unachokikataa ni ganda au ni dawa?"

"Ganda."

"Basi tuliache ganda."

Mwajabu akakaa mkekani na kisahani. Akashika kidonge kwa kucha za vidole viwili, akakipinda, kikafunguka kama njugu. Unga mweupe ukaangukia kisahani. Akauchanganya na asali ya nyuki wadogo, akamlisha mama mkwe wake kwa kidole chake mwenyewe, taratibu, kama anavyolishwa mtoto. Maganda matupu hakuyatupa uani. Aliyakusanya kwenye mkebe, akayafukia nyuma ya migomba.

"Unayafukia ya nini?" akauliza Bi Mgeni. "Yamekufa?"

"Kuku wasije wakayadonoa," alisema Mwajabu, "nao wakawa wa kuulizwa."

Bi Mwanakheri alicheka kitandani mpaka akashika tumbo. Alikuwa hajacheka tangu augue. "Huyu," alisema, "huyu amenielewa."

Ikawa hivyo kila siku. Kisahani, asali, kidole. Uji mwepesi baada yake, mkono mgongoni, kitambaa cha maji ya uvuguvugu miguuni. Asali iliteremka vizuri. Lakini moto wa tumbo haukuteremka. Kopo likaelekea kwisha, na siku vidonge vya mwisho vilipofunguliwa Bi Mwanakheri aliomba bakuli, akatapika, na kilichotoka kilikuwa damu.

Tabibu Chande alikuja mbio kwa baiskeli.

"Alikuwa anatumia dawa?"

"Anatumia," walisema wote.

"Anameza nzima?"

Wote wakakitazama kisahani. Kisha Mwajabu akasimama. Asingesimama, hakuna ambaye angemtaja.

"Ni mimi. Nilifungua ganda."

Tabibu akafumba macho kidogo. "Dada yangu, dawa hii haiuwezi uchachu wa tumbo. Ikifika wazi, tumbo linaiua kabla haijafanya kazi. Ganda lile ndilo mwavuli wake. Siku zote hizi mmekuwa mkimpa asali."

Mwajabu alichutama pale pale mlangoni, akajifunika uso kwa kanga.

"Usimgombeze," ilisema sauti ndogo kutoka kitandani. "Asali yenyewe ilikuwa nzuri."

"Bibi," alisema Tabibu Chande, "kopo lile lilikuwa la mwisho zahanati. Tafuteni jingine popote. Ukitapika hivi tena, mimi sitakuwa na la kukufanyia."

Ndipo Riziki, yule mkimya, alipovaa baibui lake, akapanda lori la vitunguu, akaenda mji mkubwa. Aliingia duka moja la dawa, akatoka. Akaingia la pili, akatoka. Kila mahali aliuliza jambo moja: "Mnayo dawa hii yenye ganda la samaki? Au la mimea? Au la mnyama aliyechinjwa kiislamu?" Wengine walimcheka. Wengine walimwambia dawa imekwisha, apite wiki ijayo. Katika duka la mwisho alikuwapo mzee mmoja, akavaa miwani, akaligeuza boksi hadi upande wenye maandishi madogo.

"Binti, sikufichi. Dawa ninayo, boksi hili peke yake. Ganda lake limeandikwa: nguruwe."

Riziki alilinunua. Akakaa kwenye ngazi ya duka, boksi mapajani, watu wanampita. Alimjua mama yake. Alijua swali atakaloulizwa. Akazichana karatasi za maelezo, akalitupa boksi, akavitia vidonge kwenye kichupa kitupu kisichokuwa na neno lolote, akarudi Makwaju.

"Mama, nimepata. Hivi ni vya samaki."

Bi Mwanakheri alimtazama. "Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Umeuliza mwenyewe, kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu, mama."

Hayo mawili yalikuwa kweli, na katikati yake uongo ukapita kama panya kati ya miguu ya watu. Bi Mwanakheri alitabasamu. "Samaki hana mchinjaji," alisema. Akataja jina la Mungu, akakimeza kizima.

Dawa ikafanya kazi yake. Moto ukapungua. Bi Mwanakheri akanywa uji ukakaa. Akala kiazi kikakaa. Siku moja akapaza sauti kutoka kitandani, "Mgeni! Nani kakwambia uanike kunde kwenye mkeka wangu?" na majirani waliosikia wakasema alhamdulillahi, bibi amepona.

Jambo moja tu lilimsumbua. Riziki alimletea dawa, akamletea maji, lakini hakumtazama tena usoni. Na sinia ikiletwa, Riziki husema ameshiba. Bi Mwanakheri alidhani mwanawe amechoka. Akamwombea apumzike.

Hakujua ya jikoni. Aliyeyajua ni Bi Mgeni. Alikwenda kuomba kaa la moto, akamkuta Riziki amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza moto na kulia, na kila akipuliza anasema: "Ya Rabbi, mama yangu hajui. Kama ni dhambi, iandike kwangu. Ya Rabbi, mama yangu hajui."

"Hajui nini?" akauliza Bi Mgeni.

Riziki akageuka. Ikabidi aseme.

"Mama mdogo, nakuomba kwa jina la baba. Ukimwambia, ataacha dawa. Akiacha, atakufa. Utakuwa umemuua."

"Na nisipomwambia," alisema Bi Mgeni, "nitakuwa nimemwibia."

Kesho yake Bi Mgeni akavuka ua na kikombe cha chai mkononi. Katika maisha yao yote hakuwahi kuvuka ua ule na kikombe. Bi Mwanakheri akajua hapo hapo kwamba kuna jambo.

"Ya iliki?" akauliza.

"Ya tangawizi. Kunywa kwanza, mwenzangu."

"Nimekosa nini leo?"

"Hujakosa. Umekoseshwa." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipomaliza, chai ilikuwa imepoa.

Bi Mwanakheri alikitazama kichupa kisichokuwa na neno. Akatazama mikono yake, kana kwamba ingebadilika rangi. Akaona ile sufuria ya arusi, pilau inavyoteremka shimoni, mvuke unavyopanda. Alimwaga chakula cha mji mzima kwa kuku asiyemjua. Na sasa kilichomo tumboni mwake je, atakimwaga shimo gani?

"Kwa nini umeniambia, Mgeni? Unataka nife?"

"Ningetaka ufe, nisingekufyonza sumu siku ile ulipoumwa na nge." Bi Mgeni alifuta macho kwa kiganja, kwa hasira, kama anayefukuza nzi. "Nimekwambia kwa sababu mimi najua na wewe hujui. Kila ukimeza nikinyamaza, ni kama ninakucheka moyoni. Tumegombana mpaka tumezeeka, bi mkubwa. Nimekusema kwa majirani. Nimekufichia mwiko. Lakini chakula sijapata kukudanganya hata siku moja."

Bi Mwanakheri akaushika mkono wake, akaukaza. Kisha akakifunika kichupa, akakisukuma mbali.

Hakumeza siku ile. Hakumeza iliyofuata. Moto ukarudi chini ya kifua, mdogo, kisha si mdogo. Riziki alisimama uani, akapiga kelele ambazo hakuna aliyewahi kumsikia nazo. "Furahi sasa! Umemuua mama yangu kwa ukweli wako! Ukweli wako umeupika kwa sufuria gani?"

 Bi Mgeni alijitanda kanga, akaenda kwa jirani, akaazima punda wa kuchotea maji, akashika njia ya ng'ambo ya mto anakokaa Maalim Shekue. Maalim alikuwa mtu wa elimu nyingi na goti bovu, kwa hiyo hakuwa akitoka. Siku hiyo alitoka. Watu wa Makwaju walimwona akiingia mjini juu ya punda, kilemba kimekaa upande, na mbele yake Bi Mgeni amevuta kamba, miguu yote matope.

"Maalim," wakamwambia, "shikamoo, umepatwa na nini?"

"Nimekamatwa," alisema Maalim.

Aliingia chumbani, akakaa kwenye kigoda, akaanza naye kuuliza. Alikuwa muulizaji kama mwenye nyumba. Akamwita Tabibu Chande.

"Dawa nyingine ipo?"

"Nyingine nilimpa, hazikumfaa."

"Hii hii, yenye ganda la halali?"

"Riziki ameitafuta mji mzima. Hatukuipata."

"Akiacha?"

Tabibu akatazama chini. "Ataondoka, Maalim."

Maalim Shekue akageukia kitanda. "Bi mkubwa, nisikilize. Wanazuoni wamehitilafiana. Wako wasemao kitu kikigeuka kikawa kitu kingine, na hukumu yake hugeuka, kama mvinyo unapogeuka siki. Wako wasemao, na walimu wangu ni katika hao, kwamba nguruwe ni nguruwe hata umchemshe vipi. Mimi sikwambii ganda hili ni safi. Lakini wote hao wanakutana penye mlango mmoja. Aliyelazimika, hana pengine pa kupita, hakukitamani kitu wala hakuzidisha kipimo, huyo hana dhambi. Wewe umesimama hapo mlangoni. Pita."

"Na nilivyomeza bila kujua?"

"Asiyejua haandikiwi."

"Na Riziki?"

Maalim akamtazama Riziki aliyekuwa ameegemea ukuta. "Hilo ni kati yake na Mola wake, na kati yake na wewe. Mimi nimeletwa kwa punda kwa ajili ya kidonge."

Bi Mwanakheri karibu acheke. "Nikikimeza, Maalim, nitaje jina la Mungu? Juu ya kitu kama hiki?"

"Litaje. Aliyekuruhusu ndiye unayemtaja. Na siku mtakapopata cha halali, ruhusa hii imekwisha, kumbuka."

Bado alikuwa na swali moja. Alikuwa nalo tangu chai ilipopoa, na lilimwuma kuliko tumbo. Alilisema akitazama dari, palipokuwa na kisu cha mumewe.

"Na baada ya hapo, Maalim? Mkono huu wenye kidonge hiki, ukichota mchuzi, wewe utakula chungu changu?"

Maalim Shekue hakutoa aya wala hadithi. Alikunja mikono ya kanzu. Akaomba maji, akanawa.

"Mmepika?" alisema.

Wakamletea wali na maharage, akala mpaka akakwangua sahani. Hakuuliza wamepika nini, wala kwa mafuta gani, wala nani kapika. Bi Mwanakheri alimtazama akila, machozi yakamtiririka mpaka masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. Ndipo akanyosha mkono. Bi Mgeni akashika maji, Riziki akashika kichupa, Mwajabu akamwinua mgongo. Akasema Bismillahi, akameza.

Akapona. Safari hii akapona kweli, akijua alichokimeza.

Lakini Tabibu Chande alimwambia: "Bibi, moshi na moto wa shughuli, basi. Na kuonja mchuzi wa pilipili, basi." Maana yake ilikuwa moja. Upawa lazima upate mkono mwingine, na maulidi yamefika. Kwa desturi ya Makwaju, mwenye upawa humkabidhi mwanamke wa nyumba ile ile, mbele za watu, moto ukiwa umewaka.

Ng'ombe akachinjwa, na Bi Mwanakheri aliuliza nani kachinja. Sufuria zikapangwa. Yeye akakaa kwenye kigoda, upawa mapajani, wanawake watatu mbele yake, mji nyuma yao.

"Semeni," akawaambia.

Mwajabu akasema kwa sauti ya chini. "Mama, mimi nilikosea. Ila ulichokikataa, mimi nami nilikikataa. Wenzangu walitaka upone kwanza, haya mengine baadaye. Mimi nilitaka upone ukiwa wewe. Hata maganda niliyafukia. Nilipokosea nilisimama nikasema ni mimi, hakuna aliyenivuta ulimi. Upawa si unamtaka mtu wa kuangalia kila kitu?"

"Uliangalia kila kitu ila mgonjwa," akasema Riziki, lakini kwa upole, kisha naye akasema. "Mama, mimi nilikudanganya. Sikanushi. Lakini damu ilikuwa kwenye bakuli, na njia nyingine sikuiona. Maalim alipofika alikukuta hai. Nani alikuweka hai mpaka akafika? Nilikubali kuichukua dhambi shingoni mwangu ili shingo yako ibaki nyepesi. Kuna mtu hapa aliyekupa kitu kikubwa kuliko hicho?"

"Alikupa giza, mwenzangu," akasema Bi Mgeni. "Na mkono uliodanganya mara moja, kesho watu watauuliza. Chungu kikiulizwa, si chungu cha Makwaju tena. Mimi nilisema kweli. Nikakuletea na mwenye kukufungulia mlango, nikamvuta mwenyewe kwenye matope. Mimi ni mzee, nitaushika miaka michache tu. Lakini miaka hiyo hakuna atakayeuliza."

"Na kama Maalim angekuwa hayupo?" akasema Riziki. "Kama mto ungejaa? Ulimwambia kwanza, ndipo ukaenda kutafuta mlango."

Bi Mgeni akaitazama miguu yake, ile iliyojaa matope siku ile. 

Watu wakaanza kunong'onezana. Wengine wakasema Mwajabu, wengine Riziki, wengine Bi Mgeni. Wawili waliooana juzi tu wakagombana pale pale. Bwana Ndizi akapaza sauti kutoka nyuma: "Bi mkubwa, mpe unayempenda, ila leo usimwage!" Watu wakacheka, na Bi Mwanakheri akacheka nao.

 Kidole gumba chake kilikuwa kwenye kile kibonyeo cha mpini, kilichochimbwa na vidole gumba vya wanawake waliomtangulia. Akawatazama mmoja mmoja. Aliyeilinda imani yake, na kidogo amuue. Aliyeulinda uhai wake, na akamfunga macho. Aliyemfungua macho, na kidogo amzike. Katika watatu hao, angekosekana mmoja, yeye asingekuwa pale amekaa akiwa yeye. Aliwapenda wote hata kifua kikamwuma, na safari hii hayakuwa maumivu ya vidonda.

Mchuzi ukaanza kuchemka. Wageni walikwisha kunawa mikono, wamekaa mikekani wanangoja, na hakuna hata mmoja anayeuliza. Bi Mwanakheri akauinua upawa.

Nanyi mliosikiliza mpaka hapa, nyosheni mikono yenu pamoja na wake. Mngekuwa nyinyi mmeushika mpini ule, na mchuzi unachemka, mngeuweka kwenye kiganja cha nani? Cha Mwajabu, cha Riziki, au cha Bi Mgeni? Je, ni nani aliyestahili chungu chake kisiulizwe?